Entebbe kwa siku moja: jinsi ya kupeleka watu wachache ziwani na bustanini bila kuchoshana

Watu wengi wanaharibu siku ya Entebbe, mji wa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kabla hata hawajatoka Kampala, kwa sababu wanaandika listi ndefu: zoo, bustani, kisiwa cha sokwe, kinamasi cha ndege cha Mabamba, beach tatu, halafu wanataka saa kumi na mbili wawe wamesharudi mjini. Jioni wakikuonyesha picha, nyingi zimepigwa kwenye parking. Mimi nasema siku moja inabeba vitu vitatu tu, yaani maji asubuhi, miti mchana, samaki na upepo jioni. Na mpangilio usiubadilishe ovyo, maana ziwa lina saa zake na jua lina saa zake, hawasubiri mtu.

Haya nimemwandikia yule ambaye kundi zima linamwangalia na kuuliza "sasa tunaenda wapi". Labda unapeleka familia, labda wenzako wa kazini, labda wageni kutoka Nairobi, Mwanza au Goma. Kama wewe unalipia tu ziara ya mtu mwingine, soma pia, utajua maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kwanza watu wangapi

Sita ni raha. Saba, nane bado sawa. Zaidi ya hapo kazi yako siku nzima itakuwa kuhesabu watu na kungoja aliyekwenda chooni. Sababu kubwa ni mitumbwi ya Mabamba, ni midogo, unapakia wageni watatu au wanne pamoja na mpiga kasia, kwa hiyo watu nane ni mitumbwi miwili au mitatu na bado mnaonana na kusikilizana. Watu ishirini ni msafara, na ndege mnayekwenda kumtafuta hapendi misafara.

Siku kadhaa kabla, piga simu kwa kila mmoja peke yake. Usiulize kwenye grupu la WhatsApp, kule kila mtu ni shujaa. Muulize kama anaogopa maji, kama magoti yanamsumbua, kama anakula samaki, kama anakuja na mtoto na mtoto ana umri gani. Mama mtu mzima hatakwambia mbele ya wajukuu kwamba mtumbwi unamtisha, lakini kwenye simu atakwambia vizuri tu, na wewe unampangia kitu kingine asubuhi hiyo, nitakieleza chini.

Tarehe

Mvua kubwa Uganda huku kusini zinakuja mara mbili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Haimaanishi usiende, Entebbe inanyeshewa hata miezi mingine, ila panga ukijua. Kitu ambacho wageni wa bara hawakijui ni kwamba ngurumo za hapa zinapenda alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka ardhini kwenda majini, mawingu yanajikusanya juu ya ziwa, halafu karibu na kucha yanamwagika. Mara nyingi saa tatu au saa nne kumeshatulia. Kwa hiyo ukiamka ukasikia radi usifute safari, sogeza tu mambo mbele masaa mawili. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi yanapanda, ndiyo maana boti tunaipanda asubuhi.

Na nyinyi wa Mombasa, Tanga na Dar, jamani, msiniulize maji yanakupwa saa ngapi. Hapa hakuna bamvua wala kupwa kwa kukukimbiza, kuna upepo tu, ndio wa kuutazama. Kina cha ziwa kinabadilika kwa miaka na misimu. Mwaka 2020 mwezi wa tano maji yalipanda yakavunja rekodi ya 1964, beach nyingi za Entebbe zikaingia majini na zingine zimejengwa upya, basi picha ya zamani uliyoiona mtandaoni usiiamini sana.

Epuka sikukuu kama unaweza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi ni siku tamu, bustani iko tulivu na samaki hamgombanii. Jumapili mchana muziki wa beach unagonga mpaka kifuani, kuna wanaoupenda, sawa, ila waulize wageni wako kwanza.

Pesa, iongelewe mapema

Hapa ndipo urafiki unapovunjika. Andika kila kitu, gari na mafuta, barabara ya kulipia, boti, mtumbwi na mwongozaji wa Mabamba, kiingilio cha bustani (watu na gari vinalipiwa mbalimbali), mwongozaji wa bustani, chakula, maji ya kunywa, bakshishi, halafu ongeza kidogo ya dharura. Gawa kwa watu, tuma, na uchukue angalau nusu kabla ya siku yenyewe. Anayesema "nitakulipa tukifika" mara nyingi ndiye anayelala siku hiyo.

Sehemu nyingi zina bei tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki na kwa mgeni wa mbali, na tofauti siyo ndogo. Kila mtu abebe kitambulisho, siyo picha ya kitambulisho kwenye simu. Wanaovuka mpaka waje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Uganda inaidai. Beba shilingi za Uganda kwa noti ndogo ndogo, maana mwenye mtumbwi hana chenji, na pesa ya simu siyo kila kona inakubali, hasa kama laini yako ni ya Kenya au Tanzania.

Barabara

Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40, na kuna njia mbili. Ya zamani inapita Kibuye, Najjanankumbi, Kajjansi, Kisubi, ina maduka, ina boda, ina jam, na jioni ni adhabu. Ya pili ni ile ya kulipia iliyofunguliwa 2018, unaingilia Busega au Munyonyo, na tozo zilianza Januari 2022, gari dogo shilingi 5,000. Asubuhi na mapema hata ya zamani inapitika, lakini mimi bado ningechukua ya kulipia, kwa sababu watu wakianza siku wakiwa wamenuna huwarudishi tena.

Hiace moja inatosha. Ongea na dereva jana yake, mwambie saa ya kuondoka ni kumi na moja na nusu alfajiri na maana yake ni gari kuwasha moto saa hiyo, siyo yeye kuamka saa hiyo. Wageni waambie kumi na moja na robo. Najua ni uongo mdogo, ila unafanya kazi.

Maji: Mabamba asubuhi

Nakiwogo ndiyo bandari yetu ya kupandia boti, iko Entebbe kwenyewe upande wa magharibi. Pale pana samaki, mkaa, ndizi, mbuzi, watu wanapakia kwenda visiwani, na pia feri ya Kalangala inatokea hapo. Usije ukashawishika kuweka Kalangala kwenye siku moja, ile feri inatumia zaidi ya masaa matatu kwenda tu, na visiwa vya Ssese, ambako Kalangala iko, ni vya kwenda kulala.

Boti ya injini kutoka Nakiwogo hadi Mabamba ni kama dakika 45 ziwa likiwa limetulia. Ipange na mwenye boti kabla, mkubaliane bei ya boti nzima kwenda na kurudi pamoja na muda wa kuwangoja. Ukifika ukaanza kupatana pale pale mbele ya wageni, bei itaangalia viatu vyao.

Kabla mtu hajakanyaga boti, laifu jaketi kwa kila kichwa, limefungwa, siyo kuwekwa mapajani. Watoto walipate saizi yao, jaketi la mtu mzima linamtoka mtoto kichwani akiingia majini. Hapa sina utani. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 30. Mwenye boti akikwambia "boss, tuongeze wawili tu, ni ndugu zangu", mjibu kwa upole, "nedda ssebo (hapana bwana), tumeshatimia", na usipande mpaka hao wawili washuke. Simu na kamera ziingie kwenye mfuko usioingiza maji.

Mabamba ni kinamasi cha mafunjo pembeni ya ziwa, kimewekwa kwenye orodha ya Ramsar tangu 2006. Mkifika mnahamia kwenye mitumbwi ya kasia na waongozaji wa hapo hapo kijijini, watumieni hao, wanajua kila mfereji. Mnachotafuta ni korongo nyangumi, Waganda wanamwita bulwe, ndege wa kijivu anayefika kimo cha zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Anasimama. Anasimama tena. Unaweza kukaa nusu saa unamtazama yeye anatazama maji, halafu ghafla anajitupa mzima mzima na kutoka na kamongo. Kamongo ndiye mmamba wa Waganda, na kuna ukoo mkubwa Buganda ambao mmamba ni mwiko wao, hawamli, kwa hiyo mpiga kasia wako akiwa wa ukoo huo utapata hadithi nzuri bila kuongeza pesa. Wavuvi wa zamani walimwona huyu ndege ni nuksi, ukikutana naye asubuhi nyavu zinarudi tupu, na wengine walikuwa wanamuua. Siku hizi wanaishi kwa kumwonyesha, wakaacha.

Waambie watu wako mambo manne tu wakiwa bado nchi kavu: ongeeni kwa kunong'ona, msivae nyekundu wala nyeupe ya kung'aa, msisimame kwenye mtumbwi, na msimlazimishe mpiga kasia kusogea karibu zaidi. Hilo la mwisho ni gumu kwa wenye simu, maana zumu ya simu haitoshi, wanataka kusukumwa mpaka chini ya mdomo wa ndege. Ndege akiruka amewakatia na mtumbwi unaofuata. Beba darubini moja muazimane, ni bora kuliko simu kumi.

Na msipomwona? Inatokea. Sema mapema kwamba inatokea. Bado kuna jakana wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi, mdiria, tai wa samaki, na ule ukimya ambao mtu wa Kampala hajausikia mwaka mzima. Masaa mawili ndani ya mafunjo yanatosha, mrudi Nakiwogo kabla ya saa tano.

Wale wanaoogopa maji, au wazee, au wenye mtoto mchanga, hao asubuhi wapeleke UWEC, kituo cha wanyamapori cha Entebbe kilichoanza 1952 kama makazi ya wanyama yatima. Kiko pembeni ya ziwa, kina vivuli, na bulwe yupo humo, watamwona bila kulowa. Gari likiwashusha wenzenu Nakiwogo linawapeleka hawa, mnakutana bustanini. Na kama kundi lako linataka sokwe kuliko ndege, badilisha Mabamba kwa kisiwa cha Ngamba, makazi ya sokwe yatima tangu 1998, kama kilomita 23 kutoka Entebbe kwa boti. Unawaona kutoka kwenye jukwaa wakilishwa, na lazima uwe umebuku mapema. Vyote viwili siku moja, hapana.

Miti: bustani ya mimea wakati wa jua kali

Mkitoka majini mna njaa. Nunua rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai ya maziwa pale mjini, mle mkiwa mmesimama, msikae mezani, mkikaa mmepoteza saa nzima. Halafu moja kwa moja bustanini, mkifika saa tano na nusu ni vizuri sana. Watu wengi wanaweka bustani jioni kwa ajili ya picha, mimi naiweka mchana kwa sababu ndiyo sehemu pekee Entebbe ambapo jua la saa sita halikuumizi.

Hii bustani ilianzishwa 1898, msimamizi wake wa kwanza akiwa Alexander Whyte, wakati Entebbe ndiyo ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni. Ni kama hekta 40 zinazoteremka mpaka majini. Haikuanzishwa kwa ajili ya harusi na picnic, ilikuwa shamba la majaribio. Waingereza walikuwa wanaleta mbegu kutoka huku na kule duniani, mpira, kakao na vingine vingi, wanapanda hapa kuona kipi kitaota Uganda na kipi kitaleta pesa. Leo iko chini ya NARO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo. Ukiwaeleza watu hilo getini, wanaacha kuona nyasi na maua tu, wanaanza kuuliza kila mti umetoka wapi na ulileta nini.

Chukua mwongozaji wa ndani. Najua wewe mwenyewe unaongoza, lakini yule anaujua kila mti kwa jina, na atawachumia majani wanuse wakisie ni nini, hapo watu wa Zanzibar ndio wanashinda wote. Muulize kama anaongea Kiswahili, wapo wanaokiongea vizuri na wapo wanaokiongea cha jeshi, kama hawezi basi wewe utafsiri ukifupisha. Mwambie pia mna masaa mawili na hamtaki kuona kila kitu.

Njia nayoipenda inaanzia juu, inaingia kwenye kile kipande cha msitu mnene wenye mimea mikubwa inayotambaa na miti iliyokabwa na mitini (miti ya jamii ya mkuyu), halafu inatokea chini ziwani. Usianzie ziwani, mkianzia ziwani watu watakaa kwenye nyasi na kupanda hawatapanda tena. Njiani simama kwa vitu vichache vizuri badala ya vingi. Mkakao, tunda lake linaota kwenye shina lenyewe siyo kwenye tawi, na kila mtoto anashangaa kwamba chokoleti inatoka hapo. Mpira, ukikwaruzwa unatoa maziwa meupe. Kahawa, na hapa waambie kwamba robusta ni ya kwetu, ilikuwa inaota mwitu kwenye misitu ya Uganda kabla Mzungu hajafika, arabika ndiyo iliyoletwa. Mvule mkubwa, kuwe na ukimya kidogo, kwa sababu mivule ya namna hiyo vijijini imeshakuwa milango na vitanda. Muulize mwongozaji na mutuba, mti ambao Waganda wanaubandua gome na kuligonga mpaka liwe nguo, ufundi ambao UNESCO iliutambua 2005.

Juu ya vichwa tazama mbega weusi kwa weupe, wanakaa na mikia mirefu inaning'inia, wapole kabisa. Chini kuna tumbili, hao siyo wapole, wanajua sauti ya kifungashio cha biskuti kutoka mbali. Usiwalishe na usiwaruhusu watoto kuwalisha, tumbili aliyezoea kupewa kesho anapokonya. Mifuko ifungwe zipu. Kwa wanaopenda ndege kuna kasuku wa kijivu, hondohondo wanaopiga kelele, na kulukulu mkubwa wa bluu ambaye ukimwona akiruka kutoka mti hadi mti unaweza kusahau kupiga picha.

Mkifika chini, waache. Nusu saa bila programu, wakae kwenye mizizi, wavue viatu, wapige selfi. Mwongozaji anayeongea siku nzima anachosha kuliko jua.

Samaki

Chakula kiagize kwa simu mkiwa bado bustanini juu, la sivyo mtakaa beach masaa mawili mkinusa samaki wa watu wengine. Sato mzima wa kukaanga, hapa wanamwita ngege, kwa chipsi au matoke, kachumbari, ndimu na pilipili. Sangara, yaani mputa, anakuja kwa vipande na wengine wanampenda kwa sababu hana miiba mingi. Huyu sangara si mwenyeji, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 akala samaki wadogo wa asili mpaka aina nyingi zikapotea, sasa sisi tunamla yeye. Bei inakwenda na saizi, kwa hiyo mwambie mhudumu akuonyeshe samaki kabla hajaingia mafutani na mkubaliane hapo hapo. Asiyekula samaki mwekee kuku mapema. Mikono ioshwe, uma achana nao.

Jioni, Kigungu kisha ufukweni

Saa tisa na nusu hivi, watu wameshiba na wanataka kulala, usiwaache. Dakika chache kwa gari mnafika Kigungu, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya rasi, jirani na uwanja wa ndege. Hapa ndipo wamisionari Wakatoliki wa kwanza walipotua Uganda tarehe 17 Februari 1879, Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans. Kuna kanisa na sehemu ya kusali ukingoni mwa maji, ni pahali pa watu pa ibada, basi vaeni vizuri na ongeeni taratibu. Mitumbwi imeanikwa, ndege kubwa zinapita chini chini, watoto wa kiume katika kundi lako watapenda hizo kuliko historia.

Neno kuhusu kamera. Entebbe ina ikulu, ina jeshi, ina uwanja wa ndege, na wageni wengi wanataka kuona pale palipotokea uvamizi wa 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuokoa mateka wa ndege. Usipige picha askari, geti, wala majengo ya serikali, na droni iache nyumbani. Ukisimamishwa, salimia kwanza kisha jieleze, Kiswahili kwa askari wa Uganda kinasaidia kweli kweli.

Malizia kwenye beach moja, chagua yoyote yenye nyasi na kivuli. Kuogelea ziwani mimi nawakataza watu wangu, maji ya kingoni yana konokono wanaobeba kichocho, anayetaka kuogelea atafute penye bwawa. Siku zingine vijidudu vya ziwani vinainuka juu ya maji kwa wingi wa ajabu, haviumi, ila funga mdomo na funika soda. Jua hapa linazama karibu saa moja kasoro mwaka mzima kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi.

Kurudi

Msiondoke saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo saa ya kila mtu. Kaeni mpaka saa moja na nusu, mnywe chai, watu wabadilishane picha, halafu mchukue barabara ya kulipia. Kabla ya kuwasha gari hesabu watu, hesabu mifuko, uliza nani amesahau chaja. Mpiga kasia na mwongozaji wa bustani bakshishi yao uwe umeshawapa mkononi kule kule kila mmoja alipomaliza kazi, dereva mpe mwisho, mkifika, na chakula chake cha mchana kiwe kilihesabiwa kwenye bajeti tangu mwanzo, maana dereva aliyekaa na njaa huku mnakula samaki anaendesha vibaya usiku. Risiti zote zipige picha uzitume kwenye grupu usiku huo huo na chenji iliyobaki ni ya nani iandikwe.